Shangazi, kila nikikaribia kukitoa kitabu nakifungua upya

Shikamoo shangazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha jiografia, naishi Nyakato hapa Mwanza. Nimezaliwa na kukulia Igombe, upande wa Ilemela, na mama yangu alitusomesha kwa dagaa. Alikuwa akinunua dagaa wabichi kwa beseni alfajiri mitumbwi inapoingia, anaanika, anajaza gunia, anapeleka sokoni Mwaloni Kirumba. Kabla ya korona nilianza kuandika habari zake na za wenzake: walivyopata mtaji, vikoba vyao, ugomvi wa nafasi za kuanikia, na mvua ya masika inavyoharibu kwa saa moja mzigo wa wiki nzima. Nilikaa nao Igombe na Kayenze, nikawarekodi kwa simu, wakanieleza mengi kuliko nilivyotegemea.

Kitabu kiliisha, shangazi. Sura zote ziliisha. Nikampata mchapaji hapa mjini, nikamlipa malipo ya awali, akaniambia nilete faili. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka nikasema nisome mara ya mwisho. Nikaona ukurasa wa kwanza haujakaa vizuri, nikaandika upya. Kesho yake sikwenda. Tangu siku hiyo hali ni hiyo hiyo. Naweka tarehe, tarehe inafika, nafungua faili, natoka nayo asubuhi macho mekundu na kitabu hakijaondoka. Mchapaji amekuwa mpole sana kwangu, lakini sasa hivi akipiga simu naona aibu kupokea.

Nimejaribu kuomba ushauri. Mume wangu anasema, "Kitoe, mbona kizuri." Lakini yeye alishakisema kizuri tangu kilipokuwa kurasa chache, kwa hiyo simwamini kwa hilo. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili yeye anasema bado. Kila nikimpa anarudisha na wino mwekundu, na mara nyingine anakata sentensi ambazo aliniambia yeye mwenyewe niziandike hivyo. Ndiye aliyenishauri nikigeuze riwaya ili nikipeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nikaanza kukigeuza, nikafika katikati nikaona kinakuwa kitabu cha watu nisiowajua. Nikarudisha kama zamani, lakini vipande vya ile riwaya vimebaki humo humo.

Halafu mambo yenyewe hayatulii. Nilikuwa nimeandika kuhusu karabai, sasa wavuvi wengi wanatumia taa za sola. Bei za magunia nilizoandika zimeshapitwa. Nina sura nzima mama akivuka na mzigo kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi ili akauze Geita, tukilala kwenye foleni. Juni 2025 daraja likafunguliwa, ikabidi niiandike tena sura hiyo ili daraja liwemo, na sasa haisomeki. Sura ya sita, ya mikopo, nayo nimeifupisha mara nyingi. Kuna mama mmoja wa Kayenze alinieleza mambo ambayo sijui kama yanafaa kuwemo. Bado yupo, tunaonana misibani. Lakini hilo si kubwa, kinachonisumbua zaidi ni mwanzo wa kitabu.

Mama sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kila nikienda Igombe ananiuliza kitabu kiko wapi, namwambia nakimalizia. Wiki iliyopita hakuniuliza.

Nakuambatishia ukurasa wa kwanza, namna tatu nilizouandika kwa nyakati tofauti. Naomba uniambie ipi ndiyo, na uniambie mtu anajuaje kwamba sasa basi.

Mwalimu wa Nyakato

*

Marahaba, mwanangu. Mama yako umsalimie sana.

Nianze na hizo namna tatu, kwa sababu umezituma na kwa sababu zimenieleza mengi kuliko barua. Ya kwanza, ile ya zamani, inasema hivi:

"Mama alikuwa anaamka saa kumi usiku anatoka nje anaangalia ziwa. Alikuwa anaangalia taa. Taa zikiwa bado ziko mbali alikuwa anarudi kukaa kitandani lakini alikuwa halali tena. Taa zikianza kusogea alikuwa anachukua beseni na anashuka mwaloni ili awahi. Siku za mbalamwezi alikuwa analala mpaka asubuhi kwa sababu mitumbwi ilikuwa haiendi."

Ya pili:

"Saa kumi za usiku mama aliamka, akatoka nje kutazama taa. Zikiwa bado mbali, alirudi akakaa kitandani bila kulala. Zikianza kusogea, alichukua beseni akashuka mwaloni kuwahi. Siku za mbalamwezi mitumbwi haikwenda. Ndizo siku mama alizolala mpaka kukapambazuka."

Na ya tatu, ya karibuni:

"Katika ukimya wa usiku wa manane, ziwa likiwa limejifunika shuka zito la giza, mwanamke mmoja shupavu aliinuka kutoka kitandani mwake. Macho yake yaliyochoka yalitazama mbali, kwenye taa zilizometameta kama nyota zilizoanguka majini, huku moyo wake ukijawa na matumaini ya kesho iliyo bora."

Soma ya kwanza na ya pili kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ulifanya kazi. "Alikuwa" zilizorundikana zimepungua. Mama anakwenda haraka, kama mtu anayewahi beseni la kwanza kabla wenzake hawajafika. Na sentensi ya mwisho imepata uzito ambao mwanzoni haukuwa nao: usiku ambao samaki hawapatikani ndio usiku ambao mama anapumzika. Msomaji wa Dodoma au Mtwara ambaye hajui kwamba dagaa huvuliwa kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na kwamba mwezi ukiwa mkali taa haziwakusanyi vizuri, ataanza kuelewa hapo hapo bila kufundishwa.

Sasa soma ya tatu. Mama hayumo. Kuna mwanamke mmoja shupavu ambaye angeweza kuwa popote, wa mtu yeyote. Beseni limepotea. Mbalamwezi imepotea, na pamoja nayo ile siri ya kazi yenyewe. Kuamka, kutoka nje na kurudi kukaa kitandani bila kulala, jambo ambalo mtoto wa mwanika dagaa pekee ndiye angeliona kutoka kwenye kitanda cha pili, nalo limepotea. Umepata shuka la giza na nyota zilizoanguka. Hizo tumezisoma sana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni rahisi: ukurasa wako ni ule wa pili, na uliuandika zamani. Ulikuwa umefika.

Hapo ndipo naweza kukujibu swali la pili. Mtu anayehariri bado anarekebisha pale anapoweza kusema amerekebisha nini. Hapa palikuwa na kosa, nimelitoa. Hapa msomaji angekwama, nimempisha. Hapa nilirudia, nimekata. Siku anapoanza kubadilisha mambo bila kuweza kusema kilichokuwa kibaya, kazi imeshakwisha na kuna jambo lingine linaendelea. Ukitaka ushahidi, chapa sura moja kutoka faili la zamani na sura hiyo hiyo kutoka faili la sasa, kaa nazo mezani na kalamu, na kila palipobadilika jiulize ulikuwa unaponya nini. Sura yoyote uliyoigusa sana nakushauri uifanyie hivyo. Nadhani utakuta sehemu kubwa ni neno limetolewa, likaingizwa lingine la ukubwa ule ule, kisha la kwanza likarudishwa. Huo ndio wino mwekundu wa mwenzako pia, na nitamrudia.

Lakini mwanangu, barua yako nimeisoma tena na tena, na siamini kwamba shida yako ni mwanzo wa kitabu.

Ukurasa wa kwanza umeupa nafasi kubwa, karabai umezipa nafasi, daraja umelipa nafasi. Sura ya sita umeipa sentensi chache, ukamalizia kwa kusema hilo si kubwa. Umeifupisha mara nyingi, umesema. Mama aliyekusimulia yupo, mnaonana misibani. Mtu haandiki hivyo kuhusu jambo dogo. Nimekaa na waandishi kwa muda mrefu, na jambo hili nimeliona kwa wengi: anayeshindwa kuacha kung'arisha mlango wa mbele mara nyingi kuna chumba cha ndani ambacho hajaamua akifanyie nini. Uamuzi huo ukikosekana, kitabu hakiwezi kuondoka, na akili inajitafutia kazi nyingine halali ya kufanya ili isiukabili. Unahariri ukurasa wa kwanza kwa sababu ukurasa wa kwanza hauwezi kukuumiza wala kumuumiza mtu.

Sijui mama wa Kayenze alikueleza nini, na wala usiniandikie. Naweza kukisia, kwa kuwa sura ni ya mikopo na kwa kuwa naifahamu pwani ya ziwa letu. Mwanamke asiye na mtaji, mwenye watoto, anayemtegemea mvuvi ampe dagaa leo alipe kesho, wakati mwingine hudaiwa kitu kingine kisichokuwa fedha, hudaiwa mwili wake. Wenzetu wa upande wa Kenya wana jina lake, wanaita jaboya, na limeandikwa na kutafitiwa miaka mingi pande zote za ziwa. Kama ni hilo, basi halikuwa jambo la kupachikwa pembeni katika kitabu chako. Kitabu kinachosema wanawake walipataje mtaji hakiwezi kulipita kimya kimya na kikabaki cha kweli. Lakini pia si lako kulitoa upendavyo, kwa kuwa aliyelibeba ni yeye.

Kwa hiyo kabla hujagusa faili lolote, nenda Kayenze. Usimsubiri msibani. Nenda siku ambayo hana mzigo wa kuanika, ukae naye peke yake, umsomee kwa sauti kile ulichoandika, chote kwa urefu wake wa kwanza kabla hujakifupisha. Kisha umuulize anataka nini. Alipokueleza, pengine alikuwa anaongea na mtoto wa shoga yake jikoni. Kuongea na kitabu ni jambo jingine, na ana haki ya kuamua upya.

Anaweza kukubali. Basi sura inarudi kwa ukamilifu na unamshukuru. Anaweza kukataa, hapo unaitoa simulizi yake yote, bila kuacha fumbo wala kidokezo, maana kwenye mwalo, pale mitumbwi inapoegesha na watu wote wanajuana, fumbo ni jina. Na anaweza kusema, kama wengi wanavyosema, "Liseme, lakini mimi usinitaje." Hapo uwe mwangalifu sana. Kubadilisha jina hakutoshi. Kayenze watu watamjua kwa idadi ya watoto, kwa mahali anapoanikia, kwa mwaka ambao mumewe alizama. Akisema hivyo, acha simulizi ya mtu mmoja, andika kwa sauti yako mwenyewe aya moja au mbili nyofu kuhusu hali hiyo kama ilivyo kwenye mialo, kisha uendelee na mikopo ya vikoba. Yoyote kati ya hayo ni uamuzi, na nakuhakikishia utarudi Nyakato jioni ile ukiwa na kitabu chepesi zaidi mkononi.

Ukiwa huko wasomee na wengine sehemu zao. Hao ndio wasomaji wa mwisho unaowahitaji. Mwalimu mwenzako anaweza kukuambia kuhusu koma, lakini hawezi kukuambia kwamba hapa umesema vichanja vya kuanikia vilikuja mapema kuliko vilivyokuja, au kwamba mwaka ule waliokuwa wananunua sana walikuwa wafanyabiashara wa Kongo na si wa Burundi. Kosa la namna hiyo lirekebishe hata kama kitabu kiko kwa mchapaji.

Kuhusu daraja. Lirudishe kule lilikotoka, na urudishe kivuko. Mama yako hakuvuka kwa daraja, alivuka kwa kivuko, akalala kwenye foleni na magunia, na wewe ukalala juu ya hayo magunia. Watoto wanaozaliwa Sengerema sasa hawatajua foleni ile ilikuwaje, na baada ya muda hakutakuwa na wa kuwaeleza isipokuwa walioandika. Sura yako imekuwa na thamani zaidi siku ile daraja lilipofunguliwa, na wewe siku hiyo hiyo ukaanza kuibomoa. Hivyo hivyo kwa karabai na kwa bei za magunia. Bei ya zamani kwenye kitabu si kosa. Ni kosa tu kama msomaji hajui ni ya lini. Andika dibaji fupi useme mazungumzo haya yalifanyika kati ya mwaka fulani na mwaka fulani, na kwamba bei na vifaa ni vya wakati huo. Baada ya mstari huo ziwa liendelee na mambo yake, wewe huna deni.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa huku, nitakutajia Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kwa sababu namkumbuka kila napoona muswada umekaa. Alizaliwa 1896. Kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapisha kwa lugha hiyo. Ikabidi akitafsiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe, akiwa mzee, na Tanzania Publishing House ikakichapa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Nataka uangalie tofauti iliyopo. Kitereza alikuwa tayari kwa zaidi ya miaka thelathini na milango ilikuwa imefungwa. Kwako mlango uko wazi, mchapaji anapiga simu, malipo ya awali yameshatolewa. Wazee wetu walinyimwa nafasi hii, na inaniuma kuona mtoto wa Igombe anaisukuma mbali kwa mkono wake mwenyewe.

Na angalia pia kilichomo ndani ya kitabu chake. Kinaeleza watu wanavyolima, wanavyokula, wanavyooana, wanavyouguzana, kwa utulivu na kwa urefu, bila kukimbilia urembo. Ndiyo maana leo mtu akitaka kujua Ukerewe ya kale huanzia humo. Kitabu chako ni cha ukoo huo. Hii ndiyo sababu nasema achana na kukigeuza riwaya. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ni jambo jema, ilianza kutolewa 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania na imewapa waandishi wetu moyo, lakini ni tuzo ya uandishi wa kubuni. Wewe hukubuni. Ukitaka kushindana, andika riwaya nyingine kuanzia ukurasa mtupu. Vile vipande vilivyobaki vya jaribio lile vitafute vyote uvitoe. Utavijua kwa urahisi, ni kila mahali mama yako anapoitwa mwanamke.

Mwalimu mwenzako ni mtu mwema na amekupa muda wake, usimvunjie heshima. Lakini mtu anayekata sentensi aliyoishauri mwenyewe ameshamaliza anachoweza kukusaidia. Hapa alipofika anasoma ladha yake. Mshukuru, mwandike kwenye ukurasa wa shukrani, usimpe tena muswada. Tafuta mhariri mmoja ambaye hajawahi kukiona kitabu, umlipe asome mara moja kwa ajili ya makosa tu: tahajia, majina yasiyolingana, tarehe, sentensi zilizobaki nusu. Mpe muda unaojulikana. Akirudisha, pitia alichoonyesha, kubali au kataa, funga.

Mume wako naye nadhani umemhukumu haraka. Umesema alikisifu tangu mwanzo kwa hiyo humwamini. Muulize swali jingine. Usimuulize kama ni kizuri, muulize ni sehemu gani anaikumbuka bila kufungua. Kama atakuambia kitanda na taa, au magunia kwenye foleni ya Kigongo, basi kitabu kimeshaingia kwa mtu na kukaa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Najua kuna jambo moja litakuzuia hata baada ya Kayenze: kitatoka kikiwa na kosa. Kitatoka nalo. Sijawahi kuona kitabu kilichotoka bila kosa, na wanaokijua kitabu vizuri ndio wanaoliona kwanza. Lakini kuchapa si kufunga kaburi. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat mwaka 1967, na mwaka 1986 ikatoka upya ikiwa na marekebisho yake mwenyewe. Siku hizi uchapaji wa kidijitali unakuruhusu kuchapa nakala chache kwanza, ukauza, ukasikia watu wanasema nini, na kosa ukalitoa kwenye chapa inayofuata. Muulize mchapaji wako kama ana mashine ya namna hiyo. Kama anatumia ofseti, jua kwamba kurasa huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa kumi na sita kwa karatasi moja, kwa hiyo aya mbili ukiziongeza baada ya kupanga zinaweza kusukuma kitabu kwenye karatasi nyingine na gharama ikapanda. Hiyo ni sababu ya fedha ya kuacha, kama sababu zangu nyingine hazikutoshi.

Mpigie simu leo. Usisubiri uwe na faili. Mwambie ukweli, kwamba umechelewa, kwamba kuna ruhusa ya mtu mmoja unaifuata, na umpe tarehe ambayo utaleta. Muombe pia akueleze utaratibu wa namba ya ISBN, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kama yeye haombi kwa niaba yako, omba mwenyewe mapema, ili kitabu kisikwame kwa hilo. Siku ya kupeleka faili usilale nalo. Lipeleke asubuhi kabla ya vipindi, au mpe mume wako kwenye flashi alipeleke yeye, na usiku wa kabla yake ukae kwa jirani au usahihishe madaftari ya wanafunzi. Nasema hivi kwa dhati kabisa. Umenieleza kwamba kila mara unapotea usiku ule, basi usiku ule usiwe na faili ndani ya nyumba.

Hili halihusu kitabu, lakini siwezi kulipita. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na watu huona tena. Mpeleke mama Bugando, kitengo cha macho, wakamwangalie. Usingoje kitabu kitoke ndipo umpeleke, wala usiseme atakuja kusomewa inatosha. Wakati huo huo msomee. Una muswada tayari, kaa naye jioni Igombe umsomee sura moja moja kuanzia ule ukurasa wa kwanza wa namna ya pili. Hakukuuliza wiki iliyopita kwa kuwa hataki kukufedhehesha, na nadhani unalijua hilo.

Mchapaji akikupa nakala ya majaribio, kagua jalada, mgongo wa kitabu, mpangilio wa namba za kurasa, na majina ya wale kina mama yaliyoandikwa kwa ruhusa yao, herufi kwa herufi. Hapo kalamu yako isiguse kitu kingine. Na katika nakala za kwanza, toa za kina mama wa Igombe na Kayenze kabla hujaanza kuuza, kila mmoja yake, pamoja na yule wa sura ya sita, awe amekubali au amekataa.

Shangazi